Chupa ya Kwanza ya Matone ya CBD: Kuichagua, Kuipima na Kuitumia

Weka chupa mbili mezani. Ya kwanza ni ndefu, ya mililita 30, na mbele imeandikwa 600 kwa tarakimu zinazosomeka hata ukiwa upande wa pili wa chumba. Ya pili ni fupi, ya mililita 10, na ina maandishi madogo tu: asilimia 5. Ipi ni kali zaidi? Wengi watanyooshea kidole ile ya 600, na watakuwa wamekosea. Mililita moja ya chupa fupi ina CBD mara mbili na nusu ya mililita moja ya chupa ndefu. Hesabu yake tutaifanya tukifika huko.

Nimeanza na chupa hizi kwa sababu makosa mengi ya mtu anayeanza kutumia matone haya hutokana na kuisoma chupa kwa mbele. Pale mbele ni pa muuzaji. Unachokihitaji kiko nyuma ya chupa na kwenye cheti cha maabara.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. CBD, kwa kirefu kanabidioli, ni kemikali mojawapo kati ya zaidi ya mia moja za jamii yake zilizomo kwenye mmea wa bangi. Roger Adams na wenzake waliitenga mwaka 1940 huko Marekani, na umbo lake kamili likafahamika 1963 kwa kazi ya Raphael Mechoulam na Yuval Shvo. CBD hailevyi. Inayolevya ni ndugu yake, THC. Matone ya madukani mara nyingi hutolewa kwenye hempu, yaani aina za bangi zenye THC kidogo sana. (Hempu siyo mkonge, ingawa nyuzi za mimea yote miwili zimewahi kuitwa katani.)

Hatua ya 1: Jikague mwenyewe kabla hujakagua chupa

Hatua hii haina mvuto wowote, ndiyo maana watu huiruka. Mimi naiweka mwanzo kwa makusudi.

Je, kuna dawa unayomeza kila siku? CBD huvunjwavunjwa kwenye ini na vimeng'enya vilevile vinavyoshughulikia dawa nyingi za kawaida, hasa vile viwili viitwavyo CYP3A4 na CYP2C19. CBD ikivishughulisha vimeng'enya hivyo, dawa yako inaweza kubaki mwilini kwa wingi kuliko daktari alivyopanga. Warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda, ni mfano unaojulikana: kiwango chake kikipanda, mtu anaweza kutokwa na damu ovyo. Klobazamu ya kifafa huongeza usingizi ikikutana na CBD, na valproeti ikichanganywa nayo huongeza hatari kwa ini. Takrolimasi, ya watu waliopandikizwa viungo, nayo imo kwenye orodha. Kama karatasi ya dawa yako inakukataza kula balungi, hiyo ni dalili nzuri kwamba CBD nayo inahitaji kuulizwa kwanza.

Nenda kwa mfamasia na jina la dawa yako, umuulize hivi: "Dawa hii inapita kwenye CYP3A4 au CYP2C19? Nafikiria kutumia CBD." Swali la namna hiyo hupata jibu la maana kuliko "eti CBD ni salama?"

Mjamzito na anayenyonyesha waache kabisa. Mwenye ugonjwa wa ini asianze bila daktari. Mtoto asipewe matone ya dukani. Watoto wenye kifafa kikali wana dawa yao, nitaieleza baadaye.

Kisha kuna kipimo cha mkojo. Kama kazini kwako wanapima dawa za kulevya, jua kwamba vipimo hivyo hutafuta mabaki ya THC, na chupa yenye THC kidogo inaweza kukuingiza matatani hata kama hujawahi kuvuta bangi maishani. Wanamichezo nao waangalie: WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, liliiondoa CBD kwenye orodha ya vilivyokatazwa mwaka 2018, lakini kemikali nyingine za mmea huo bado zimekatazwa wakati wa mashindano.

Mwisho ni sheria. Marekani, kwa sheria ya kilimo ya 2018, iliihesabu hempu kuwa ni mmea usiozidi asilimia 0.3 ya THC kwa uzito mkavu. Hong Kong, kwa upande wake, iliipiga CBD yenyewe marufuku kuanzia tarehe 1 Februari 2023. Chupa iliyonunuliwa kihalali nchi moja inaweza kukufungisha nchi nyingine, kwa hiyo isiingie kwenye begi la safari mpaka umesoma sheria ya unakokwenda na ya unakopitia.

Hatua ya 2: Jua chupa imebeba nini

Neno tincha, kwa maana yake ya zamani, ni mmea ulioloweshwa kwenye alkoholi mpaka ukaachia nguvu zake. Siku hizi chupa nyingi zinazoitwa tincha za CBD hazina alkoholi. Ni CBD iliyochanganywa na mafuta, mara nyingi mafuta mepesi yatokanayo na nazi, au ya zeituni. Tofauti utaihisi mdomoni. Ya alkoholi inachoma chini ya ulimi na kukausha. Ya mafuta inateleza na kuacha ladha ya majani mabichi na udongo. Mtu asiyegusa pombe, iwe kwa imani au kwa kuwa anajinasua nayo, asome orodha ya viambato kabla ya kulipa. Mwenye mzio wa vyakula naye aisome, maana mafuta yanayobeba CBD hayafanani.

Tahadhari na chupa inayojisifu kwa mafuta ya mbegu za hempu. Hayo ni mafuta ya kula, mazuri kwenye kachumbari, ila mbegu hazina CBD ya kuzungumziwa. Kuna wauzaji wanaoyauza kwa bei ya CBD, huku picha ya jani ikifanya kazi ya kushawishi. Ukiona "hempu" kubwa mbele na hakuna popote panapotaja CBD kwa miligramu, irudishe rafuni.

Utakutana pia na maneno matatu. Fulu spektramu ni dondoo lenye CBD pamoja na kemikali nyingine za mmea, THC kidogo ikiwemo. Brodi spektramu ni hilohilo, THC ikiwa imeondolewa, au imekusudiwa kuondolewa. Aizoleti ni CBD peke yake, haina ladha wala harufu ya mmea. Wapo wanaosema kwamba kemikali zote zikiwa pamoja zinasaidiana. Kwa matone ya dukani ushahidi wa hilo bado ni mwembamba. Kwa anayeanza mimi ningemshauri aizoleti, au brodi spektramu yenye cheti kinachoonyesha THC haikuonekana. Ukipata mabadiliko yoyote utajua yametoka wapi.

Nikae kidogo kwenye ile asilimia 0.3, kwa sababu inadanganya kwa udogo wake. Chukua mafuta yaliyofika kiwango hicho. Kila gramu ina miligramu 3 za THC. Chupa ya mililita 30 ina gramu 28 hivi za mafuta, kwa hiyo humo ndani mna THC ipatayo miligramu 84. Ukinywa mililita nzima umemeza karibu miligramu 3 za THC, ilhali dronabinoli, ambayo ni THC ya hospitalini, huanzia miligramu 2.5. Mtu asiyezoea anaweza kabisa kuihisi.

Hatua ya 3: Soma cheti cha maabara

Cheti hiki kinapaswa kupatikana kwa kupiga picha msimbo wa QR ulio kwenye chupa, au kwa kumuomba muuzaji. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Sababu ya kukisisitiza ni hii. Mwaka 2017 jarida la kitabibu JAMA lilichapisha matokeo ya kupima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni. Takriban 3 kati ya kila 10 ndizo zilizokuwa na CBD inayolingana na lebo. Nyingi zilizobaki zilikuwa na zaidi ya ilivyoandikwa, nyingine pungufu. THC ilikutwa kwenye 18 kati ya hizo 84.

Ukishakifungua, usikimbilie namba. Anza juu. Jina la maabara liwe tofauti na la mtengenezaji, na pawepo alama ya ithibati ya ISO/IEC 17025, ambayo ndiyo ya maabara za upimaji. Tafuta namba ya bechi, yaani ya kundi la chupa zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja. Geuza chupa, mara nyingi utaikuta imepigwa muhuri chini kwenye kitako au pembeni mwa lebo, kwa wino hafifu. Zilinganishe herufi kwa herufi. Cheti cha bechi nyingine ni cheti cha chupa ya mtu mwingine. Tazama na tarehe: cheti cha miaka mitatu iliyopita kwa chupa iliyojazwa juzi hakina maana.

Halafu jedwali. CBD inaweza kuandikwa kwa miligramu kwa gramu badala ya miligramu kwa mililita, na hapo wengi hudhani wameibiwa au wamependelewa. Mafuta ni mepesi kuliko maji: mililita moja ina gramu 0.92 hadi 0.95 hivi. Basi ukiona 21.5 kwa gramu, zidisha kwa 0.93, unapata 20 kwa mililita, sawa na chupa yetu ndefu. Kwenye mstari wa THC, herufi ND zina maana kwamba haikuonekana. Usiishie hapo, tazama safu ya LOQ iliyo jirani, ambayo ni kiwango cha chini kabisa ambacho mashine inaweza kukihesabu. LOQ ikiwa kubwa, "haikuonekana" haisemi mengi.

Kurasa za mwisho ndizo zinazosahaulika: metali nzito, yaani risasi, kadimiamu, zebaki na aseniki, viuatilifu, mabaki ya viyeyushi kama heksani na butani, ukungu na bakteria. Hempu ina tabia ya kuvuta metali kutoka ardhini, kiasi kwamba imewahi kujaribiwa kupandwa jirani na Chernobyl ili kusafisha udongo. Tabia hiyo ni nzuri kwa udongo, lakini majani hayohayo yakikamuliwa kuwa matone inakuwa habari nyingine. Cheti chenye ukurasa mmoja tu wa CBD na THC ni nusu cheti.

Muuzaji akikuambia matone yanaponya saratani, kisukari na shinikizo la damu, huna haja ya kusoma cheti chake.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mililita moja

Gawa miligramu zote za chupa kwa mililita zake. Chupa ndefu: 600 gawanya kwa 30, ni miligramu 20 kwa mililita. Chupa fupi: asilimia 5 ni sawa na miligramu 50 hivi kwa mililita, kwa hiyo chupa nzima ya mililita 10 ina kama 500. Ndefu ina CBD nyingi kidogo kwa jumla. Fupi ndiyo kali. Bei nayo ilinganishe kwa miligramu: gawa bei kwa jumla ya miligramu, siyo kwa ukubwa wa chupa.

Sasa dropa. Ukibonyeza kile kipira cha juu na kukiachia, mafuta hupanda kwenye kijiti cha kioo lakini mara nyingi hayafiki juu. Siku moja nilichukua dropa isiyo na mistari, nikaivuta hadi mwisho wake na kuimwagia kwenye sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano: ilikuwa 0.7 tu. Lebo ilikuwa inasema "dropa moja ni mililita moja." Kwa hiyo nunua dropa yenye mistari au tumia sirinji. Kuhesabu matone si vibaya, ila ukubwa wa tone hutegemea uzito wa mafuta na mdomo wa dropa, basi hesabu mara moja ni matone mangapi yanajaza mililita moja ya chupa yako, uandike.

Hatua ya 5: Dozi ya kwanza

Anza na miligramu 5, mara moja kwa siku. Kwa chupa ndefu hiyo ni robo mililita, 0.25. Kwa chupa fupi ni 0.1, matone mawili matatu tu. Chagua jioni ya siku ambayo huendeshi chombo chochote baadaye, wala hujanywa pombe, kwa kuwa CBD inaweza kuleta usingizi na pombe inauongeza.

Kaa hapo kwa wiki moja. Watu huongeza siku ya pili kwa sababu "sijasikia kitu." CBD haina stimu ya kusikiliza, na tena haitoki mwilini upesi: kwa dozi kubwa za kila siku, nusu yake hubaki kwenye damu hata baada ya saa 56 hadi 61. Dozi za siku zinapandiana. Baada ya wiki, kama tumbo na usingizi viko sawa, unaweza kwenda miligramu 10.

Na hapo mimi ndipo ninaposimamisha mtu asiye na daktari. Shirika la viwango vya chakula la Uingereza, ambalo mwaka 2020 lilikuwa linasema mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 70 kwa siku, lilishusha ushauri wake Oktoba 2023 hadi miligramu 10, likiwafikiria wanaotumia kila siku kwa miaka. Wasiwasi mkubwa ulikuwa ini. Najua vijikaratasi vya wauzaji vinataja dozi kubwa kuliko hiyo.

Hapa ndipo mgongano ulipo, na ni vyema uuone kwa macho yako. CBD ina dawa iliyothibitishwa, Epidiolex, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, Lennox-Gastaut na Dravet. Dozi yake ya kuendelea ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 angehitaji miligramu 600: chupa yetu ndefu, nzima, kila siku, huku daktari akimpima ini. Utafiti mmoja wa Brazil wa mwaka 2019 uliwapa wanaume CBD kabla ya kuhutubia. Waliopata miligramu 300 walitulia kuliko waliopewa dawa ya kuigiza isiyo na CBD, ila waliopata 150 au 600 hawakuonyesha tofauti ya maana. Mwenye kukuambia "utafiti umethibitisha" akiwa ameshika chupa ya miligramu 20 kwa mililita, muulize utafiti huo ulitumia ngapi. Kwa miligramu 5 au 10 usitarajie miujiza, na kwa maumivu au kukosa usingizi ushahidi bado ni hafifu.

Hatua ya 6: Kuyatumia

Tikisa chupa. Pima. Inua ulimi, weka mafuta chini yake, funga mdomo, kaa hivyo sekunde 60 hadi 90 bila kuzungumza, kisha meza. Dropa isiguse ulimi wala meno. Mate yakirudi kwenye chupa yanaiharibu. Sehemu kubwa ya mafuta hayo huishia kumezwa hata hivyo, na CBD inayomezwa huingia kwenye damu kidogo tu.

Chakula ndicho kinachobadilisha mambo. Majaribio ya ile dawa ya kifafa yalionyesha kwamba mlo wenye mafuta mengi unaweza kuongeza CBD inayoingia mwilini mara nne hivi. Ina maana miligramu 10 za tumbo tupu na miligramu 10 baada ya mlo mzito si dozi moja. Chagua mtindo mmoja, kwa mfano daima baada ya chakula cha jioni, na usiubadilishe ovyo.

Usiyaweke kwenye kifaa cha kuvutia mvuke. Mafuta yakiingia kwenye mapafu yanaweza kuyaumiza vibaya.

Hatua ya 7: Andika, na ujue lini uache

Daftari dogo linatosha: tarehe, saa, mililita, umekula nini, umelala saa ngapi, tumbo likoje. Kabla ya kuanza, andika siku tano za maisha yako bila CBD, vinginevyo hutakuwa na cha kulinganisha. Ukifika wiki ya nne na kurasa zinafanana na zile tano za mwanzo, hela yako ina kazi nyingine.

Kuharisha, mdomo kukauka, usingizi wa mchana na hamu ya chakula kupungua ndiyo maudhi yanayojitokeza mara kwa mara. Punguza dozi au acha. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, macho yakigeuka manjano, au upande wa kulia wa juu wa tumbo ukiuma, acha siku hiyohiyo na uende hospitali na chupa mkononi.

Chupa ikae mahali penye giza na ubaridi, mbali na jiko na dirisha, na juu kabisa kama kuna watoto, maana nyingine zimetiwa utamu wa matunda. Mafuta yakianza kunuka kama ya kukaangia yaliyochacha, mwaga.

Na ukinunua ya pili, rudi Hatua ya 3 hata kama lebo ni ileile, kwa kuwa bechi si ileile. Aliyezoea nusu mililita ya chupa ndefu alikuwa anakunywa miligramu 10. Akihamia chupa fupi na kuvuta mpaka mstari uleule, amekunywa 25. Mimi huandika kwa kalamu nzito juu ya kifuniko: miligramu kwa mililita, na tarehe niliyofungua.